Kuuona Uga wa Umeme na wa Sumaku Bila Maabara: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Muulize mwanafunzi wa sekondari uga wa sumaku ni nini, atakujibu bila kusita: ni eneo linaloizunguka sumaku ambamo nguvu yake hufanya kazi. Jibu ni sahihi na alama atapata. Sasa mpe dira, mwambie akuoneshe uga huo umeelekea wapi pale kwenye kona ya meza, na kama pale una nguvu kuliko hapa. Wengi hukwama, kwa sababu eneo hilo walilikariri tu, hawajawahi kulipima.

Mwongozo huu unaanza na kupima. Katika kila hatua swali ni lilelile: hapa, kwenye nukta hii, kitu changu cha kujaribia kinasukumwa upande gani, na kwa kiasi gani? Jibu unalichora kwa mshale. Fomula zitakuja baadaye, na zitakuta una kitu cha kuzishikiza.

Vifaa

Anza kwa fundi redio. Muombe sumaku ya spika mbovu, ile nene ya duara yenye tundu katikati, na umwachie yeye kazi ya kuibandua kwenye vyuma vyake, maana ukiigonga nyundo mwenyewe itapasuka. Ukipata mbili ni bora zaidi. Kisha pita kwa mafundi wa kuchomelea mageti. "Shikamoo fundi, naomba vumbi la chini ya grainda, la majaribio ya shule." Atacheka, ila atakupa. Nyumbani lichambue kwa sumaku uliyoifunga kwenye karatasi: linalonata ni chuma, linalobaki ni mchanga na takataka.

Mengine ni ya kawaida: betri moja au mbili kubwa za redio, za volti 1.5; waya wa shaba mita mbili; foili ya jikoni; sindano ndefu za kushonea; beseni la plastiki; nusu mita ya bomba la plastiki la maji; sweta kuukuu la sufu; uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia, kwa kuwa ni wa nailoni na haupitishi umeme; simu janja kama ipo, na dira ndogo kama utaipata. Isipopatikana utaitengeneza katika hatua ya tano.

Vitu viwili vya shambani usivisahau. Cha kwanza ni sufi, ile ya mti wa msufi, ya kujazia mito, wala pamba ya dukani haifikii wepesi wake. Cha pili ni shina la muhogo lililokauka. Lipasue, utoe kiini cheupe cha katikati. Kinaelea vizuri sana majini. Zamani tulikuwa tunafanyia majaribio haya mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na kwa kweli bomba la maji linafanya kazi vizuri zaidi.

Umeme wa ukutani, wa volti 230, hauhusiki popote katika mwongozo huu. Usiuguse.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Mtu aliyesimama ufukweni Shangani mwezi wa saba anajua kusi linavuma kutoka wapi na kwa ukali gani, hata kama hakuna tanga hata moja baharini. Kila mahali upepo una mwelekeo wake na nguvu yake. Chombo kikifika hapo ndipo kinasukumwa. Uga nao ni hivyo. Kila nukta ina mshale wake, kuwe na kitu cha kusukumwa au kusiwe nacho. Mfano huu una kikomo chake: upepo ni hewa inayosafiri, lakini ndani ya uga uliotulia hakuna kinachosafiri.

Chukua daftari la karatasi zisizo na mistari. Utachora mishale mingi.

Hatua ya 2: Sufi kwenye mshipi

Chambua kishungi kidogo cha sufi, kipana kama punje ya mahindi. Kifunge kwenye uzi wa nailoni wa sentimita 30 na ukitundike mbali na ukuta, mezani pasipo na feni. Sugua ncha moja tu ya bomba kwa sweta, kwa haraka, mara ishirini hivi, kisha isogeze polepole kuelekea sufi.

Sufi itavutwa. Itagusa bomba, itanata kidogo, halafu ghafla itaruka na kulikimbia. Kuanzia hapo kila ukisogeza bomba sufi inarudi nyuma, na ukilizungusha bomba nyuma yake inakimbilia mbele. Jaribio lote limo katika badiliko hilo, kwa hiyo lirudie mpaka uwe na uhakika wa kinachotokea.

Bomba lilipofutwa na sweta lilipokea elektroni, likawa na chaji hasi. Sufi ilipokuwa bado haina chaji ilivutwa kwa sababu chaji zake za ndani zilijipanga: chanya zikasogea upande wa bomba, hasi zikaenda upande wa pili, na zilizo karibu zikashinda. Ilipogusa ikagawiwa elektroni. Sasa zote mbili zina chaji hasi, na chaji za aina moja hufukuzana.

Tangu sasa kishungi hicho ndicho kipimo chako. Kisogeze kwenye nukta kumi na mbili hivi kulizunguka bomba, na kila nukta uandike upande kinakosukumwa. Halafu geuza mishale yote. Ndiyo, yote. Wanafizikia walikubaliana kwamba uga wa umeme huchorwa kwa upande ambao chaji chanya ingesukumwa, na sufi yako ni hasi. Ukiigeuza utaona mishale yote inaingia kwenye ncha ya bomba. Ingekuwa chaji chanya ingetoka. Ukitaka kuona hilo, sugua chupa kavu ya kioo kwa kitambaa cha poliesta, uisogeze kwa sufi ileile: safari hii inavutwa. Kioo kina shida na unyevu wa pwani, kwa hiyo usikate tamaa kikigoma.

Kabla ya kuondoka hapo, shika sufi isiyo na chaji, itumbukize katikati ya sufuria refu, kisha pitisha bomba lililosuguliwa nje ya sufuria. Haitikisiki. Elektroni za chuma hujipanga zenyewe mpaka uga wa ndani unakufa.

Hatua ya 3: Umbali mara mbili, nguvu robo

Shikilia ncha ya bomba sentimita 10 kutoka kwenye sufi, umwombe mwenzako apime kwa rula sufi imesogea kiasi gani kutoka mahali pake pa kuning'inia. Kisha rudi nyuma hadi sentimita 20. Pima umbali kutoka kwenye sufi yenyewe, si kutoka pale ilipokuwa ikining'inia mwanzo. Kwa msogeo mdogo, nguvu inakwenda sawa na msogeo, kwa hiyo huhitaji kujua uzito wa sufi wala chaji yake, linganisha tu. Utaona msogeo unapungua sana, karibu hadi robo. Hautakuwa robo kamili, kwa kuwa bomba si nukta na chaji inavuja hewani wakati unapima.

Sheria hiyo aliipima Charles-Augustin de Coulomb huko Ufaransa mwaka 1785. Uga wa chaji iliyokaa kwenye nukta ni

E = kQ/r²

ambapo Q ni chaji, r ni umbali kutoka kwenye chaji hiyo, na k ni bilioni 9 kwa vipimo vya nyutoni, mita na kulombi. Tuseme ncha ya bomba ina nanokulombi 10, yaani sehemu 10 za bilioni moja za kulombi. Katika umbali wa sentimita 10:

E = 9,000,000,000 × 0.00000001 ÷ 0.01 = 9,000

Hizo ni nyutoni 9,000 kwa kulombi. Usiogopeshwe na ukubwa wa namba. Sufi yenye nanokulombi 1 ingesukumwa hapo kwa nyutoni 0.000009, ambao ni uzito wa kitu kisichofika miligramu moja. Ndiyo maana tunatumia sufi wala hatutumii jiwe. Na nanokulombi hizo 10 ni elektroni zipatazo bilioni 62, kwa kuwa kila elektroni ina kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹ tu.

Angalia pia jinsi hesabu ilivyogawanyika sehemu mbili. E ilipatikana bila kuitaja sufi. Kwanza bomba linaweka uga mahali pale, kisha sufi inajibu kwa F = qE, yaani nguvu ni chaji ya sufi mara uga. Mwanafunzi anayezichanganya hizi mbili huhangaika mpaka kidato cha sita.

Hatua ya 4: Volti kwa mita, na raketi ya mbu

Uga wa umeme una kipimo kingine chenye thamani ileile: volti kwa mita. Ukiwa na bamba mbili za chuma zilizokaa sambamba, gawanya volti kwa pengo. Betri ya gari ya volti 12 ikiunganishwa na foili mbili zilizoachana sentimita 1 inaweka kati yake uga wa volti 1,200 kwa mita.

Raketi ya kuulia mbu ndiyo mfano ninaoupenda. Nyavu zake zina volti elfu moja na zaidi. Tuseme 2,000, na pengo kati ya wavu na wavu ni milimita 4: uga ni volti 500,000 kwa mita. Hewa kavu inavumilia takriban volti milioni 3 kwa mita kabla haijapasuka kwa cheche, ndiyo maana raketi imetulia mkononi mwako bila kulia. Mbu akiingia, mwili wake wenye majimaji unaziba karibu pengo lote. Ikibaki nusu milimita, volti zilezile 2,000 zinabanwa humo, na uga unafika milioni 4. Pah! Volti hazikuongezeka, pengo ndilo lililopungua. Itazame raketi gizani, lakini kidole kiwe mbali na nyavu, na hata ukishaizima subiri, maana inabaki na chaji kwa muda.

Mawingu ya masika yanafanya jambo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha, na uga huwa mkali zaidi juu ya kitu kirefu kilichojitenga. Ukikutwa na radi shambani kati ya Novemba na Aprili, usijibanze chini ya mnazi au mwembe uliosimama peke yake. Nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma ndiyo kinga. La sufuria umeshaliona.

Hatua ya 5: Sindano inayoelea

Weka sindano mezani. Shika sumaku ya spika na upapase sindano kwa uso mmoja wa sumaku, kutoka kwenye tundu hadi kwenye ncha kali, ukiinua mkono juu kila unaporudi. Usirudi kwa kusugua, utaharibu ulichojenga. Mara arobaini zinatosha. Ncha uliyomalizia itakuwa ya aina iliyo kinyume na uso wa sumaku uliotumia.

Ichomeke sindano kwenye kipande cha kiini cha muhogo na uiweke ielee kwenye beseni la plastiki lenye maji. Beseni la bati litakuvuruga. Itazunguka polepole na kusimama ikielekea kaskazini na kusini. Ncha ipi ni ya kaskazini? Ukitazama jua linakochomoza, kaskazini iko mkono wako wa kushoto. Itie rangi ya kucha. Hiyo ndiyo dira yako.

Dunia yenyewe ina uga wa sumaku, na kwetu kusini ukali wake ni kama mikrotesla 33 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku, na mikrotesla ni sehemu yake moja ya milioni). Lakini haulali sambamba na ardhi. Mstari ambapo uga wa dunia unalala kabisa unapita kaskazini mwetu, huko Ethiopia. Kwetu mshale unatoka ardhini ukiinukia kaskazini. Unaweza kuliona jambo hili: kabla ya kuipa sindano usumaku, ifunge uzi katikati na kuitia tone la gundi, ukisawazisha mpaka ilale sawa. Kisha ipapase kwa sumaku bila kuugusa uzi. Ukiitundika tena, ncha ya kusini itainama. Dira zilizosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya huwa zimeongezwa uzito upande wa kusini, kwa kuwa huko ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama. Ukiileta dira ya namna hiyo Lindi, uzito na uga vinashirikiana kuivuta chini ncha ileile, na mshale unakwaruza kioo. Watu husema dira ni mbovu, kumbe iko mbali na kwao.

Sasa ikate sindano moja katikati kwa koleo. Ulitarajia kipande kimoja kiwe kaskazini tupu na kingine kusini tupu? Viweke vyote viwili vielee majini. Kila kimoja kina ncha zake mbili. Kwenye umeme uliweza kupata hasi peke yake. Kwenye sumaku hakuna aliyewahi kupata ncha moja iliyojitenga.

Hatua ya 6: Ramani ya sumaku

Sumaku ya spika ina ncha zake kwenye nyuso zile bapa mbili, kwa hiyo isimamishe kwa ubavu juu ya karatasi kubwa. Weka dira kando ya uso mmoja, tia nukta mbele ya ncha ya kaskazini ya mshale, sogeza dira mpaka mkia wake ukae kwenye nukta hiyo, tia nyingine. Endelea mpaka urudi upande wa pili wa sumaku au utoke nje ya karatasi. Unganisha nukta. Anza mstari mwingine. Ni kazi ya subira, karibu saa nzima, na usiiruke.

Baada ya hapo ndipo uweke karatasi juu ya sumaku iliyolala na kunyunyiza vumbi la grainda, ukigonga taratibu kwa kidole. Picha inatokea mara moja, na inapendeza. Kwa maoni yangu watu huikimbilia mapema mno. Vumbi halioneshi mwelekeo, linaonesha mistari tu, na linamfanya mtu aamini kwamba kati ya mstari na mstari hakuna kitu. Uga upo kote. Vumbi linajikusanya kwa sababu kila chembe ikishakuwa sumaku ndogo inavuta jirani yake.

Nje ya sumaku mistari inatoka kaskazini kwenda kusini, na ndani ya sumaku inaendelea kurudi, kwa hiyo haina mwanzo wala mwisho. Ya umeme inaanzia kwenye chaji chanya na kuishia kwenye hasi. Mistari haikatani, kwa kuwa nukta moja haiwezi kuwa na mishale miwili. Palipobanana, uga ni mkali.

Jaribu pia kuisogezea sumaku ile sufi yenye chaji. Itasogea kidogo, kama inavyosogelea kitu chochote kikubwa kilicho karibu, lakini ukigeuza sumaku upande wa pili hakuna kinachobadilika. Chaji iliyotulia haiujali uga wa sumaku.

Hatua ya 7: Simu

Simu nyingi zina kihisi cha sumaku, ndicho kinachoendesha dira yake. Pakua programu ya bure inayoonesha mikrotesla kwa pande tatu, X, Y na Z. Ilaze simu mezani, juu yake kuelekee kaskazini, uizungushe kidogo mpaka X isome karibu na sifuri. Sasa uga wa dunia hauingilii X hata kidogo.

Lete sumaku kutoka mashariki, uso wake bapa ukiitazama simu. Soma X ikiwa sentimita 40, kisha ikiwa 20. Ukipunguza umbali nusu, utakuta namba imepanda karibu mara nane, wakati kwenye sufi ilikuwa mara nne. Sababu ni ile ya sindano iliyokatwa: sumaku daima ina ncha mbili, na kwa mbali kila moja inafuta sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Usiilete chini ya sentimita 15, kihisi kitachanganyikiwa. Kikichanganyikiwa, izungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa. Na kadi ya benki iwe chumba kingine.

Hatua ya 8: Waya juu ya dira

Mwaka 1820 huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona mshale wa dira ukicheza karibu na waya wenye mkondo wa umeme. Mpaka wakati huo umeme na sumaku zilifundishwa kama masomo mawili tofauti. Unaweza kulirudia jambo hilo kwa betri moja ya redio.

Nyoosha waya kaskazini hadi kusini, sentimita 2 juu ya dira. Gusisha ncha zake kwenye betri kwa sekunde mbili, usizidishe, kwa sababu waya na betri vinachemka. Mshale unageuka. Geuza betri: unageukia upande wa pili. Pitisha waya chini ya dira: unageuka tena kinyume. Kunja mkono wa kulia kama unaushika waya, kidole gumba kikielekea unakokwenda mkondo (kutoka chanya kwenda hasi). Vidole vilivyokunjika vinaonesha uga unavyouzunguka waya. Uga haukimbii kutoka kwenye waya wala hauingii, unauzunguka.

Kwa waya mrefu ulionyooka, uga ni mikrotesla 0.2 ukizidisha kwa ampea na kugawa kwa umbali wa mita. Ampea 2 kwa sentimita 2:

B = 0.2 × 2 ÷ 0.02 = 20

Mikrotesla 20. Sehemu ya uga wa dunia iliyolala sambamba na ardhi, ile inayogeuza dira, kwetu ni kama 25. Ya waya inasukuma mashariki au magharibi, ya dunia inavuta kaskazini, na mshale unasuluhisha: tanjenti ya pembe ni 20/25, yaani 0.8, na pembe ni karibu nyuzi 39. Sasa geuza hesabu. Pima pembe uliyoipata, utafute tanjenti yake, na urudi nyuma mpaka kwenye ampea. Umepima mkondo wa betri bila kuwa na kipimo cha umeme. Mimi naona hapa ndipo mwongozo wote unapolipa.

Ukizungusha waya huo mara thelathini kwenye msumari wa nchi sita, uga wa kila mzunguko unajumlishana na chuma kinauongeza. Msumari utaokota pini.

Hatua ya 9: Foili inayoruka

Kata ukanda wa foili wenye upana wa nusu sentimita. Ushikize legelege kati ya waya mbili, upite mbele ya ukingo wa sumaku. Gusisha betri. Ukanda unaruka juu, chini, au pembeni, kulingana na ulivyokaa, na kamwe hauruki kufuata uga wala kufuata mkondo. Nguvu ya sumaku kwenye mkondo inakaa kwa pembe mraba (nyuzi 90) na vyote viwili.

F = BIL, yaani uga mara mkondo mara urefu. Tuseme uga pale ni tesla 0.05, mkondo ampea 2, na sehemu ya foili iliyo ndani ya uga ni sentimita 4: nguvu ni nyutoni 0.004, sawa na uzito wa gramu 0.4. Foili yenyewe haifiki gramu 0.01. Lazima iruke. Spika uliyoitoa sumaku ilifanya kazi hivi: koili nyembamba (waya uliozungushwa mara nyingi) ndani ya uga, mkondo ukienda na kurudi, karatasi ya spika ikisukuma hewa.

Hatua ya 10: Dainamo ya baiskeli

Ipindue baiskeli yenye dainamo, uzungushe gurudumu kwa mkono balbu ikiwa imeondolewa. Kisha rudisha balbu uzungushe tena. Gurudumu limekuwa zito, na mkono wako unausikia uzito huo waziwazi. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku iliyotulia ndani ya koili haitoi kitu. Ni mabadiliko ya uga ndiyo yanayozaa volti, na kadiri yanavyokuwa ya haraka ndivyo volti zinavyopanda. Mkondo unaozaliwa unajenga uga wake unaopinga mzunguko uliouzaa, ndiyo maana mwanga wa balbu unalipiwa na mkono wako.

Mitambo ya umeme ya Mtwara inafuata njia hiyohiyo. Gesi ya Mnazi Bay inaendesha injini, injini inazungusha sumaku za umeme ndani ya koili, na mkondo unaotoka unageuka mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, injini inasikia uzito kama mkono wako ulivyousikia, na inabidi iongezewe gesi.

Ikikataa

Sufi ikigoma kuruka, kosa karibu daima ni unyevu. Masika ya pwani huiua chaji ndani ya sekunde chache. Fanya hatua ya pili na ya tatu kati ya Julai na Septemba, saa za mchana. Bomba lifute, uliache juani kwanza, na usilishike upande uliousugua. Sufi ikibaki imenata kwenye bomba, ifunike kwa kipande chembamba cha foili, itapokea chaji haraka zaidi.

Dira isipogeuka kwenye hatua ya nane, angalia kama waya umekaa mashariki na magharibi. Hapo mkondo unaweza usionekane kabisa. Angalia pia miguu ya meza. Ikiwa ya chuma, hamia sakafuni.

Foili isiporuka, iguse: kama imepata moto, mkondo upo na sumaku ndiyo iliyokaa vibaya. Igeuze robo mzunguko. Kama ni baridi, kwangua ncha za waya, maana nyaya nyingi zimepakwa vanishi usiyoiona.